Mama wa Kwenye Fomu

Zinga, Bagamoyo
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpenzi Wahida,

Assalaam alaykum. Leo ni wiki ya tatu napiga simu yako inaita mpaka inakata. Kwenye kundi la walimu umejitoa bila kuaga. Nimemwuliza Mwalimu Ausi, kaniambia u mzima, kila siku uko darasani na chaki yako, ila umekuwa mkimya. Basi kwa vile yeye kila Jumapili anamwacha mkewe hapa Zinga na kurudi huko Miono kufundisha, nimemgeuza posta. Ukiikataa na barua nitakuja mwenyewe, na unajua nikija naondoka na nusu ya unga wako.

Somo yetu hajambo? Macho yake je? Mpe shikamoo yangu, mwambie mwali wake mtoro bado yupo. Miaka ishirini na mbili imepita tangu Bi Kibibi atufunde mimi na wewe chumba kimoja, na mpaka leo nikikaa vibaya mbele ya wakubwa nasikia kidole chake mbavuni. Ngoma ilipokwisha mimi nilirudi kwa mama yangu. Wewe mama yako alikuwa ameshatangulia, ukabaki kwa somo moja kwa moja. Nimekuwa nikikuonea wivu kidogo kwa hilo, nawe unalijua.

Habari ya huku ni makato tu. Tarehe 18 Januari tulikuwa na kikao cha wawakilishi wa walimu wa wilaya nzima, pale mjini. Mezani kulikuwa na pendekezo la kupandisha makato ya bima ya afya kwenye mishahara yetu. Ukumbi ulichafuka. Mwalimu akishakatwa bima, chama, kodi na mkopo wa chuo, anarudi nyumbani na nini? Nikasimama kwa niaba ya shule yetu nikasema makato yasipande hata shilingi mpaka mishahara ipande kwanza. Nilipigiwa makofi, Wahida, makofi ya kweli. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Shamsudin, alinifuata nje akaniambia mwaka huu nigombee. Kuna mtu alinirekodi, nasikia kipande kinatembea kwenye simu mpaka Ubena.

Kama nimekukosea jambo, niambie. Mimi silikumbuki.

Wako,
Saida


Miono
Ijumaa, 14 Februari 2025

Dada Saida,

Waalaykum salaam. Barua imefika pamoja na visheti. Ausi alivikalia, tumekula unga.

Sijakukasirikia. Ni kuona haya. Nina jambo nililokuficha miaka minne na sasa limetoka nje, nataka ulisikie kwangu.

Daktari alipogundua presha ya macho kwa somo, alisema lazima atiwe matone kila siku maisha yake yote, la sivyo atapofuka. Nikaenda kujaza fomu ya wategemezi wangu wa bima. Pale pa mzazi wameacha mstari. Mama yangu yuko kaburini, hana haja na kadi. Nikajiuliza, aliyeniogesha nilipougua surua, aliyenifunda, aliyeniozesha na akanipokea nilipoachika, ni nani? Nikaandika Kibibi Kitwana. Nakuapia wakati ule sikuona kama nadanganya. Uongo nilifanya baadaye, nilipoomba cheti kipya cha kuzaliwa nikamtaja yeye ili karatasi zilingane.

Mwisho wa Januari umekuja uhakiki. Karatasi zangu zilipita. Siku mbili baadaye Mratibu wa Elimu wa kata kaniita ofisini, kasema ana taarifa kwamba yule bibi hakunizaa. Hakusema kaipata kwa nani. Sikuweza kubisha. Kanitaka nirudishe kadi, nikairudisha, na nimepewa barua ya kujieleza.

Aliyenisema, kwa fikra zangu, ni Mwalimu Mikidadi. Tunakaa meza moja ofisini na amewahi kumwona somo kwangu. Sina ushahidi.

Hicho kipande chako sijakisikiliza. Nilijitoa kwenye kundi ili nisisome watu wakijadili wategemezi hewa. Somo kakusifia sana hotuba yako, sijui kaisikia wapi. Wewe ulikuwa huko unapigania mishahara yetu, na mimi huku nakuharibia. Sikukwambia kwa sababu wewe ni mwakilishi, ningekwambia ningekutia kwenye kosa langu. Nisamehe kwa hilo.

Usinipigie simu kwa haya. Nyumba ndogo, somo anasikia kila kitu, nami nimemwambia kadi imekwenda kubadilishwa. Barua nazo anataka nimsomee kwa sauti. Ukiandika, weka karatasi mbili, ya kwanza ya kwake.

Wahida


Zinga
Jumapili, 16 Februari 2025

(Karatasi ya kwanza)

Shikamoo somo yangu. Huku tu wazima. Mama yangu Biubwa anakusalimu, anauliza ule mkeka utaumaliza lini, nikamwambia somo hashoni mkeka kwa kusukumwa. Nasikia umesikia hotuba yangu. Usinisifie sana nitavimba kichwa. Nakuletea halua ya Pangani, ile nyeusi unayoipenda, na chupa moja ya matone, ukae nayo wakati kadi inasubiriwa.

(Karatasi ya pili)

Wahida, usiniombe radhi. Tafadhali usiniombe tena.

Barua ya kujieleza usiijibu peke yako. Eleza kwamba mama mzazi amefariki na kwamba huyu alikulea tangu una miaka kumi na tatu. Usibishe, kiri, omba huruma. Wakiona mwalimu mwenye haya hawakamii. Nimeandika mfano nyuma ya karatasi hii, unakili kwa mkono wako.

Kuhusu Mikidadi, simjui sana. Watu wa ofisi moja hawakosi maneno. Sitashangaa akiwa ni yeye.

Saida


Miono
Ijumaa, 7 Machi 2025

Dada Saida,

Ramadhani karimu. Majibu yametoka. Nimepewa onyo, na kupanda daraja kumeahirishwa. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mwaka huu baada ya kusubiri miaka saba. Mwalimu Mkuu alinisomea barua akiangalia dirishani, maskini, aliona haya kuliko mimi. Barua uliyoniandikia imesaidia, wangeweza kufanya zaidi. Ahsante.

Matone uliyoleta yamekwisha. Nimenunua chupa nyingine, lakini somo anayatia kwa kuiba. Tone moja pale pa matatu, nikigeuka anafunga. Sasa kwa kuwa ni mfungo kapata sababu, anasema matone yanafunguza. Nimemleta shehe kabisa, kamwambia hayafunguzi. Kamjibu shehe kwamba macho ni ya kwake. Najua anafanya hesabu ya mshahara wangu kichwani, ila hataki kusema.

Juzi alikuwa anamimina uji wa futari. Akamimina pembeni mwa kikombe, akaendelea kumimina, mpaka uji ukamfikia magotini. Kisha akasema mbona kikombe hiki hakijai. Nilitoka nje nikalia.

Mikidadi simsalimii tena. Jana kaleta bakuli la mihogo ya nazi wakati wa kufuturu, nikamrudishia bakuli limejaa vilevile. Alisimama pale mlangoni kama mtoto aliyefukuzwa shule. Sikumwonea huruma. Mtu akuchongee kisha akulishe?

Wewe ndiye nafuu yangu. Ninapofikiri watu wote wa kazi hii wamenigeuka, nakumbuka upo.

Wahida


Zinga
Jumapili, 16 Machi 2025

(Karatasi ya kwanza)

Shikamoo somo yangu. Funga yako iwe makubuli. Matone hayafunguzi, nami nasema hivyo kama shehe. Nakuomba uyatie, kwa ajili yangu.

(Karatasi ya pili)

Wahida,

Barua hii nimeichana mara tatu. Keti kwanza.

Mikidadi hana kosa. Mwachie bakuli lake.

Mwezi wa tisa mwaka jana, wewe ukisimamia mtihani wa darasa la saba, uliniomba nimpeleke somo kliniki ya macho mjini. Dirishani nilishika kadi yake. Nikasoma jina lako, na pale pa uhusiano nikasoma mama. Kwa hiyo nilijua. Nimejua tangu siku ile, na kila ulichoniandikia kuhusu kunificha nilikisoma huku nikijua.

Nikuambie na lililonichoma? Ilikuwa wivu. Sote alitufunda, sote tulilala kwenye kitanda chake kimoja, kisha nikakuta serikali nayo imekuandika wewe ndiye mtoto. Mimi nina mama yangu mzima, namshukuru Mungu, lakini siku ile nilisimama pale dirishani nikajiona wa nje. Somo akaniuliza mbona kimya, nikasema foleni.

Sasa kikao. Nilikuandikia nilipigiwa makofi kwa kukataa makato. Si kweli. Nilipokataa makato walinong'ona tu. Mwalimu mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba mfuko unamalizwa na sisi wenyewe, tunaandika watu wasiotuhusu. Nikasema ndiyo, badala ya kutuongezea makato waondolewe hao. Shamsudin akauliza kama nina mfano au ni maneno ya mtaani. Watu wote wakanigeukia. Nami nikasema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Kuna mwalimu mwenzetu, simtaji, kamwandika somo yake wa unyagoni kuwa mama mzazi. Mwaka kesho tutawaandika na wapiga ngoma." Ukumbi ukaangua kicheko. Makofi yalikuwa hapo, na nilifurahi.

Wiki iliyofuata uhakiki ukaja kwenu. Katika kata nzima ni nani mwingine anayeishi na somo yake? Wamesikiliza kile kipande wakakutambua, sina shaka. Nikakuacha umshuku mwenzako. Nikakuandikia kabisa kwamba sitashangaa.

Matone hayakuwa zawadi. Nilikuwa najinunulia usingizi, na sikuupata. Sikuombi chochote.

Saida


Miono
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kwa mwanangu Saida,

Anayeandika ni Wahida, maneno ni yangu mimi Kibibi binti Kitwana, na nimemwonya asipunguze wala asiongeze.

Marahaba mwanangu. Idi tumeila salama. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linaona mwanga wa mlango, na mtu akipita naona giza linapita. Usilie. Nimeshaona harusi zenu, nimeshaona vitabu vyenu, nilichobakiza si kingi.

Nataka kukuambia jambo ambalo hata huyu anayeandika halijui. Nilikuwa nimenuia kufa nalo, kwani ndivyo inavyotakiwa. Lakini Wahida akinisomea barua zako nasikia unacheka na hucheki. Nikasema huyu mtoto anadhani nimemkasirikia. Sikukukasirikia hata siku moja.

Mwezi wa Januari Sikuzani, huyu jirani wa vitumbua, alinisikilizisha simu yake. Nikasikia sauti yako. Ukasema kuna aliyemwandika somo yake kuwa mama, na hukutaja mtu. Nikajijua palepale. Nikasema Alhamdulillahi, mwanangu hakusahau. Niliwafunza nini mule chumbani? Mkubwa wako akikosea, hukai ukamwambia umekosea. Unasema mbele za watu, bila jina, kwa mzaha. Mwenyewe atasikia, atajirekebisha, na hatajibu. Wewe ulifanya hivyohivyo, hukuacha hata moja. Watu walicheka, nami nilicheka. Hata mule ndani aliyesemwa tulimchekea ili asione uchungu.

Asubuhi yake Wahida alipokwenda shule nilipanda bodaboda mpaka kwa yule Mratibu. Nikamwambia huyu mwalimu sikumzaa mimi, nilimlea, na kadi ile si haki yangu, ila mtoto msimwadhibu. Nikamwomba asiseme nani kamwambia. Aliyesemwa hatangazi. Wahida alipokuja kuniambia kadi imekwenda kubadilishwa, nikamwitikia tu. Nilimwona anavyohangaika kunidanganya, nikamhurumia.

Kwa hiyo yule Mwalimu Mikidadi hakusema lolote. Hapa kalamu imesimama, Saida, nasikia haikwaruzi tena. Andika mwanangu, mtaongea nyinyi wawili nikimaliza.

Sikujua kama wangemkatia daraja lake. Hilo ndilo linaniuma, na kila nikiswali namwombea. Lakini lako wewe haliniumi. Nimefunda wali thelathini na saba, na wengi walichukua kanga na kucheza, maneno wakaniachia mwenyewe. Wewe uliyachukua, na siku yalipohitajika ukayatumia kwangu mimi mwenyewe kwa adabu. Nawaambia watu wote wanaokuja kunitazama.

Kikao kingine kikiitwa, simama tena useme. Na uje, nikushike uso wakati bado naona giza lako likipita.

Kibibi binti Kitwana

Saida,

Yake yameishia hapo. Kanitaka nimsomee yote kuhakikisha sikupunguza, nikamsomea.

Barua yako ya Machi nilimsomea karatasi ya kwanza. Ya pili niliisoma mimi, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, na tangu hapo sikuwa na neno ambalo mwalimu anaweza kuliandika. Nilitaka kukuchukia. Nilikuwa nimeanza na nilikuwa naendelea vizuri, mpaka leo aliponikalisha na kalamu.

Mikidadi nilimfuata ofisini, nikamwomba radhi mbele ya walimu wote. Alisema alidhani mihogo yake ilirudi kwa sababu ilikuwa na mizizi, na kwamba tangu siku ile amemkataza mkewe kununua kwa yule muuzaji.

Somo anaamini ulimrekebisha. Wewe na mimi tunajua ulikuwa unatafuta makofi. Sikuambii umwambie wala sikuambii unyamaze. Njoo tu.

Wahida


Zinga
Jumapili, 27 Aprili 2025

Wahida,

Jumamosi ile nilipokuja Miono ulitoka kwenda jikoni kwa makusudi. Wali wa nusu saa ukaupika kwa saa mbili, ili nipate nafasi. Nilikuelewa, na nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima kutoka Zinga nilikuwa nayasema maneno yenyewe kwa sauti ndogo, mpaka kondakta akaniuliza kama naongea naye.

Alinishika uso kwa mikono miwili. Akapitisha vidole kwenye nyusi, akasema nimekonda, uongozi una kazi. Nikamwambia, "Somo, ile siku ya kikao nataka nikwambie." Akasema, "Niambie, mwanangu." Akajiweka sawa kwenye mkeka, akageuza lile jicho la kulia upande wangu. Alikuwa anangoja kusimuliwa, Wahida. Alikuwa na furaha.

Akaniuliza mlikuwa watu wangapi. Nikasema mia na ishirini hivi. Akauliza, "Na wote walisikia?" Nikasema wote. Akauliza kama kuna aliyejua ni nani anayesemwa. Nikasema hakuna hata mmoja. Akacheka, akanipiga paja, akasema, "Umeona? Ndivyo inavyosemwa." Halafu akaniambia nimtie matone, kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi kuliko wako. Nikamtia. Tone la kwanza likaanguka shavuni, akajifuta na upande wa kanga.

Uliporudi na sinia uliniangalia kuuliza. Nami nikakubali kwa kichwa. Uliweka sinia chini, ukanishika bega, ukaniambia polepole, "Mungu akulipe, dada." Tulikula wali sisi watatu kwenye sinia moja kama zamani, na ulininyofolea mnofu wa samaki ukaniwekea upande wangu.

Sikumwambia. Nilikukubalia kwa kichwa na ulikuwa uongo, mbele yake, naye hakuuona kwa sababu haoni, na macho yale nimeyaondoa mimi.

Uwakilishi nimeuacha. Shamsudin kanipigia mara nne, anasema kikao cha makato kiko mwezi ujao na nani atasema kwa niaba ya Zinga. Nimemwambia makato yasipande, naamini hivyo leo kama nilivyoamini Januari, ila aseme mtu mwingine. Somo akisikia nimeacha, atauliza sababu, na sijui utamjibu nini.

Umeniamini mara mbili. Mara ya kwanza kwa kudhani sikujua, na juzi kwa kudhani nimesema. Zote mbili umeweka imani mahali ambapo hapakustahili, nami nikapokea. Safari hii usinisamehe, ngoja kwanza.

Nakuja Jumamosi. Usiende jikoni. Tukae wote watatu, na uniangalie usoni mpaka niseme.

Saida